Kipupwe cha Tabora: miezi isiyo na mvua inayoamua mfuko wa mkulima

MKULIMA wa Tabora huhesabu mwaka wake kwa mvua. Zikianza Novemba, anasema mwaka umeanza. Zikikatika mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, anasema msimu umekwisha. Miezi inayofuata, yaani Juni, Julai na Agosti, kwa wengi ni wakati wa harusi, ngoma, kufyatua matofali na kulipa madeni. Jembe linapumzika.

Hata hivyo, anayefuatilia mapato ya kaya mwaka mzima ataona kuwa sehemu kubwa ya faida au hasara hupatikana katika miezi hiyo hiyo ya mapumziko. Ndiyo miezi ambayo mahindi huuzwa kwa bei ya chini, miembe hutoa maua, mbegu za tumbaku husiwa vitaluni, moto huingia msituni na maji ya malambo huanza kushuka. Mvua humpa mkulima mazao, lakini kipupwe ndicho kinachoamua ni kiasi gani cha mazao hayo kitageuka fedha.

Makala haya yanaeleza kipupwe cha Tabora kinatoka wapi, watu wa zamani walikitumiaje, na mkulima wa leo anaweza kukifanyia kazi gani.

Baridi inatoka wapi?

Tabora ipo nyuzi tano hivi kusini mwa Ikweta. Mgeni anayeangalia ramani hudhani kuwa mji huo una joto mwaka mzima, kisha anafika Julai bila sweta na kujuta alfajiri ya kwanza.

Sababu ya kwanza ya baridi hiyo ni mwinuko. Mji umekaa kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi joto sita au saba kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hesabu hiyo, Tabora ina upungufu wa nyuzi saba au nane ikilinganishwa na sehemu ya pwani iliyo umbali ule ule kutoka Ikweta.

Sababu ya pili ni jua na upepo. Ifikapo Juni jua linakuwa limehamia kaskazini, na ukanda wa mvua umelifuata hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Nyuma yake zinaingia pepo za kusi kutoka kusini mashariki, zikisukumwa na mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Afrika na Bahari ya Hindi. Pepo hizo zinapofika Unyamwezi zimeshasafiri mamia ya kilometa nchi kavu na kupanda milima ya mashariki, hivyo unyevu mwingi zimeuacha njiani.

Matokeo yake ni anga isiyo na mawingu. Mawingu usiku hufanya kazi ya blanketi, kwani huzuia joto la ardhini lisipotee. Yasipokuwapo, joto lote la mchana hupaa angani. Ndiyo maana Julai alfajiri ya Tabora huwa na wastani wa nyuzi 15 hivi za sentigredi, na baadhi ya siku hushuka chini ya hapo, wakati mchana jua hupandisha joto hadi nyuzi 28. Ikifika Septemba na Oktoba baridi imekwisha, mchana unapita nyuzi 30 na ardhi inawaka hadi mvua zirudi.

Wapo wanaosema kuwa Tabora ya miezi hiyo ni jangwa. Si kweli, kwani mji hupata kwa wastani milimita 900 na zaidi za mvua kwa mwaka, ingawa upande wa Igunga ni mkame zaidi. Lakini kulinganisha na miji ya jangwani kunasaidia kuelewa. Mjini Muscat, Oman, nchi yenye udugu wa muda mrefu na familia nyingi za Tabora, mvua ya mwaka mzima ni ndogo sana, na hata hiyo kidogo huja zaidi wakati wa baridi, kati ya Desemba na Machi. Tabora mambo ni kinyume. Baridi na ukame hufika pamoja, na tone likidondoka Julai watu hulizungumzia kama habari.

Kwa hiyo mkulima wa Tabora ana miezi sita ya neema na mingine sita ambayo mbingu hazimpi karibu chochote. Miezi hiyo ya pili ndiyo inayohitaji hesabu.

Misafara ilivyohesabu miezi

Hesabu hiyo ilifanyika zamani, kabla ya reli na lami. Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiandika kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka pori kame la Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe. Hapo iligawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao ndio waliobeba biashara hiyo mabegani, walikuwa wakulima pia. Walisafiri kiangazi na kurudi nyumbani mvua zikikaribia ili washike majembe. Kwao kipupwe kilikuwa msimu wa pili wa kazi. Waliijua gharama ya kukosea mwezi: mapema mno mito imejaa, kuchelewa mno visima vya Mgunda Mkali vimekauka.

Wageni waliopuuza hesabu hiyo walilipa. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, masika yakiwa mlangoni. Bonde la Mkata, karibu na Kilosa ya leo, alilikuta limekuwa ziwa la matope, akapoteza nguvu, mizigo na wanyama. Alifika Unyanyembe Juni mwaka huo. David Livingstone, baada ya kukutana na Stanley huko Ujiji, alikuja naye Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Februari 1872. Alibaki hapo akisubiri wapagazi hadi Agosti 25, 1872, kipupwe kikiwa kinakwisha. Mvua zikamkuta kwenye nchi ya majimaji ya Bangweulu, katika Zambia ya leo, ambako alifariki Mei 1, 1873.

Bonde lile lile la Kilosa halijabadilika tabia. Mvua kubwa za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilisomba Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za kwenda Tabora, Kigoma na Mwanza zikakatizwa kwa miezi kadhaa. Mfanyabiashara wa Tabora aliyekuwa ameleta mzigo wake kabla ya mvua alikuwa na bidhaa za kuuza.

Baadaye Waingereza nao walifundishwa na ardhi hii. Mpango mkubwa wa karanga ulioanza 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea ulifutwa 1951, baada ya kula karibu pauni milioni 36. Huko Kongwa mvua zilipungua, na kiangazi kiligeuza udongo wa mfinyanzi kuwa mgumu kama saruji kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Urambo, yenye mvua za uhakika zaidi, ilihamia kwenye tumbaku, zao ambalo limebaki hadi leo.

Mahindi: adui alianzia hapa

Tuanze na ghala. Mkulima wa kawaida huvuna mahindi kuanzia Mei. Juni na Julai kila mtu ana mahindi na kila mtu ana deni, hivyo bei hushuka. Januari na Februari maghala yako matupu na bei hupanda. Siri ya kipupwe ni kwamba hewa yake kavu inakausha nafaka bure, kazi ambayo kwenye nchi zenye unyevu hugharimu mafuta na mashine.

Mahindi yanayokwenda kuhifadhiwa yanatakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo atumie chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko vichache, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga na utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikiteremka yote chini, yako tayari. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa sababu fangasi wa sumukuvu hutoka ardhini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani.

Kukausha peke yake hakutoshi. Tabora ina historia mbaya katika jambo hili. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika katika mkoa huu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kutoka hapa akasambaa nchi nyingine. Mdudu huyu hula hata mahindi yaliyokauka vizuri. Dawa yake ni kupukuchua mahindi badala ya kuyatunza na magunzi, kisha kuyachanganya na dawa ya unga iliyoidhinishwa kwa kipimo sahihi, au kuyatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kazi hiyo ifanyike Julai, kabla joto la Septemba na Oktoba halijaharakisha kuzaliana kwa wadudu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Mkulima ana magunia kumi. Akiuza Julai kwa Sh50,000 anapata Sh500,000. Akihifadhi kwa gharama ya Sh5,000 kwa gunia na kuuza Februari kwa Sh80,000, anabakiwa na Sh750,000. Lakini dumuzi wakila magunia matatu, anabakiwa na Sh510,000. Miezi saba ya kungoja imemletea Sh10,000 tu. Anayepanga kungoja bei bila kujipanga kwa dumuzi anacheza bahati nasibu.

Mwembe unahitaji baridi

Miembe ya Tabora ni urithi wa misafara. Ilipandwa kwenye vituo vya wafanyabiashara na kandokando ya njia, na leo mtu anaweza kuifuata hadi Ujiji. Njia hiyo ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliwekwa mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Wengi hawajui kwamba mwembe hutoa maua kwa sababu ya kipupwe. Usiku wa baridi na udongo mkavu huuambia mti uache kuotesha majani na uanze kuchanua. Kwa hiyo anayemwagilia na kuweka mbolea ya chumvichumvi Mei au Juni ili kuuhurumia mti wake, anauchelewesha. Maji yana faida zaidi baada ya matunda kushika, hasa Septemba, joto linapopanda.

Baridi hiyo ina gharama yake. Usiku wa baridi unaofuatwa na mchana mkavu hupendwa na ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hufunika maua kwa unga mweupe kisha yakapukutika. Dawa zenye salfa hufanya kazi, mradi zipigwe mapema maua yanapoanza na si baada ya kukauka. Usafi wa shamba, pamoja na kufukia maembe yaliyoanguka, hupunguza pia inzi wa matunda wa kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003.

Maembe mengi huiva mvua zikiwa zimeanza. Wakati huo jua la kukaushia halina uhakika na soko limefurika, ndoo ikauzwa kwa bei ya kutupa. Kikundi kinachotaka kusindika kijenge kaushio la jua lenye paa la nailoni wakati wa kipupwe, wakati mafundi na matofali vinapatikana, si Desemba maembe yakiwa tayari yanaoza.

Tumbaku, kuni na nyuki

Katika Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mwaka wa tumbaku huanza kipupwe. Vitalu husiwa kati ya Julai na Septemba, karibu na maji, kwa mbegu ndogo kama vumbi. Baridi huchelewesha uotaji, hivyo aliyesia kwa kuchelewa hupandikiza kwa kuchelewa, na mvua zikikatika Aprili majani yake yanakuwa hayajakomaa. Wiki mbili zilizopotea Agosti huonekana kwenye daraja la tumbaku sokoni.

Jingine ni kuni. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto ndani ya mabani kuanzia Januari au Februari. Kuni mbichi huunguza sehemu kubwa ya joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake. Zikikatwa na kupasuliwa kipupwe, zikapangwa juu ya magogo na kufunikwa kabla ya mvua, kazi ile ile hufanywa kwa kuni chache. Hapo mkulima anaokoa nguvu zake na miti ya miombo. Vitalu vya miche ya miti navyo vianze sasa, ili miche iwe tayari kwa mvua za Desemba.

Msitu huo huo ndio unaowalisha nyuki, na Tabora ni mkoa wa asali, wenye Chuo cha Nyuki chake. Uvunaji mkubwa hufanyika baada ya mvua, kipupwe kikiwa kinaingia. Adui wa asali ya msimu unaofuata ni moto. Nyasi zilizokauka kwa pepo za kusi zinahitaji cheche moja tu ya mwinda au mchoma mkaa. Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chinichini na huacha miti ikiwa hai. Moto wa Septemba hupanda juu na kuunguza machipukizi na maua wakati ambao miombo huchipua kabla ya mvua. Ndiyo sababu wataalamu wa misitu hushauri kusafisha njia za kuzuia moto na kufanya uchomaji wa mapema, chini ya usimamizi na kwa kibali, badala ya kungoja moto uje wenyewe.

Maji na bustani

Kwa mwaka mzima, uvukizi kutoka kwenye maji yaliyo wazi Tabora huzidi mvua yote inayonyesha. Kwa maana hiyo lambo lisilo na kina hukauka hata kama hakuna aliyechota. Mji wenyewe ulitegemea bwawa la Igombe kwa miongo mingi, hadi maji ya Ziwa Victoria yalipofikishwa Tabora, Nzega na Igunga kwa mradi uliozinduliwa 2021. Vijijini nje ya bomba, lambo na kisima bado ndiyo benki ya maji.

Kipupwe kina nafuu moja. Kwa kuwa hewa ni ya baridi, mmea hunywa maji kidogo kuliko Septemba na Oktoba. Mboga zikipandwa Mei au mapema Juni huvunwa kabla joto halijakuja. Kabichi na vitunguu hupenda ubaridi huo, na nyanya husumbuliwa kidogo na ukungu kuliko wakati wa mvua, ingawa utitiri hupenda ukavu. Matandazo ya nyasi na umwagiliaji wa asubuhi huokoa ndoo nyingi. Kwenye mbuga za udongo mweusi za Igunga na Nzega, dengu hupandwa mvua zikiisha na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini, bila kuhitaji mvua mpya.

Kwa wafugaji wa kuku, baridi ya alfajiri huua vifaranga wasio na joto, na mdondo huzidi kusambaa miezi ya ukavu. Chanjo ya matone ya jicho inapaswa kutolewa kila baada ya miezi mitatu au minne, na mojawapo iwe kabla ya kipupwe kushika kasi. Kwa bei ya kuku mmoja mkulima anaweza kuchanja banda zima.

Usingoje radi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo ilipata hadhi ya mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa mwelekeo wa kipupwe cha Juni hadi Agosti, na kisha ule wa mvua za msimu za Novemba hadi Aprili kwa mikoa kama Tabora. Taarifa ya pili hueleza lini mvua zinatarajiwa kuanza na kuisha, na kama kuna vipindi virefu vya ukavu katikati. Wakulima wengi huisikia redioni na kuiacha hapo. Anayeitumia huchagua mbegu ya muda mfupi au mrefu kabla pembejeo hazijaadimika dukani.

Dunia nayo inabadilika. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani. Joto likiongezeka, maji ya lambo huvukizwa upesi zaidi na wadudu wa ghalani huzaliana haraka zaidi. Kwa hiyo makosa ya kipupwe yatazidi kuwa ghali.

Kwa ufupi, ratiba ya kipupwe iwe hivi. Mei panda bustani, chanja kuku na vuna asali. Juni safisha njia za moto, anika na pima mahindi. Julai pukuchua, tia dawa, piga dawa ya maua ya mwembe na andaa kitalu. Agosti pasua kuni, tibua tope la lambo na rekebisha paa la ghala. Septemba joto likiingia, mwenye ratiba hii atakuwa anasubiri mvua akiwa na mahindi ndani, na mwenzake atakuwa anakwenda kwake kuyanunua.